Mchwa Walioimaliza Biblia ya Kilonzo

Siku Biblia ilipomwaga udongo kwenye meza ya wakwe, mimi nilikuwepo. Ndimi niliyeshika kamba ya mbuzi.

Kwa hivyo usiniambie ni stori za mtandao.

Binamu yangu Kilonzo ni fundi wa pikipiki Sultan Hamud. Mkono wake ni mzuri, mdomo ni mzuri zaidi. Alipompenda Kasyoka wa Nunguni, kikwazo kilikuwa kimoja: babake, Mzee Kitheka, mzee wa kanisa asiyecheka hata akitekenywa.

Kasyoka akamnunulia Biblia mapema, kubwa, yenye kava ya zipu.

"Baba atakuuliza kama unasoma."

"Kila asubuhi, sweetie."

Kila asubuhi Kilonzo alisoma matokeo ya mpira. Biblia aliilaza chini ya kitanda, kwenye sakafu ya udongo, nyuma ya gereji. Ikakaa huko mpaka siku ya ntheo.

Ntheo kwetu Ukambani ni wale mbuzi unaopeleka kwa kina msichana. Wakipokelewa, huyo ni wako, wengine wakae mbali.

Asubuhi hiyo akaivuta, akaipangusa vumbi, akaipachika kwapani. Uzito ulikuwa sawa tu. Nani angeshuku?

Nunguni tulipokelewa vizuri. Chai, chapati, kuku wakirandaranda mlangoni. Desturi ni wazee waongee, bwana harusi anyamaze. Kilonzo akajitia kimbelembele.

"Baba, mimi Neno la Mungu ndio breakfast yangu."

Mzee Kitheka akaweka kikombe chini. "Vizuri. Tusomee Zaburi moja, yoyote ile unapenda."

Kilonzo akafungua zipu.

Udongo ukamwagika juu ya chapati. Mwingine ukaingia kwa chai ya shangazi. Kisha mchwa wenyewe wakatoka, wanene, bila haraka, kama waumini wakitoka ibada. Walikuwa wametoboa kava kwa chini, wakala kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo, na kila walipotoa karatasi wakaacha udongo.

Kuku ndio walioelewa kwanza. Waliruka mezani.

"Ngai!" shangazi akapiga kelele.

"Angalau kuna mtu ameimaliza," akasema mjomba Musyimi. Na huyo alikuwa upande wetu!

Kasyoka hakucheka. Aliondoka kwenda jikoni, na Kilonzo akamwona akijifuta macho kwa leso. Hapo ndipo aibu ilipomwingia. Mbuzi wengine angepata, lakini Kasyoka mwingine angemtoa wapi?

Mzee Kitheka akajipangusa udongo magotini.

"Mbuzi zirudi. Sijakataa. Mamangu yuko kwa hicho chumba, macho yake hayasomi tena. Kila Jumamosi utakuja umsomee. Siku atasema umetosha, mbuzi zirudi hapa."

Jumamosi ikafika, Kilonzo akapanda milima na baridi yake. Susu Kavindu, maana nyanya kwetu ni susu, alikuwa ameketi kwenye kigoda, bakora mkononi. Jamaa akafungua Biblia ya nyumba ile, akasoma kidogo, akanyamaza.

Bakora ikagonga sakafu. "Soma."

"Susu, koo imekauka."

"Soma."

Akifika kwenye majina ya mababu wa mababu, Susu anaitikia, "Amina!" Yuda anajinyonga, "Amina!" Kilonzo akanipigia simu, "Huyu mama yuko deep, mimi sijafika hapo."

Mwanzoni alikuwa anahesabu kurasa. Baadaye, ili asijikwae mbele ya Susu, akanunua Biblia yake, akaanza kupitia sura asubuhi kabla ya kufungua gereji. Ukiiona leo, kurasa zina alama za grisi.

Hapo mambo yakaharibika. Alisoma kuhusu mizani ya udanganyifu, akainua macho, akaona lile boksi la bearing kuukuu alizokuwa akizipaka mafuta na kuziuza kama mpya.

"Hiki kitabu kinaingilia biashara yangu," akalalamika.

Lakini wiki hiyohiyo nilimsikia akimwambia mteja, "Hii ni ya zamani, boss." Mteja akadhani anaumwa.

Mahindi yalipandwa, yakavunwa. Jumamosi moja Susu akamshika mkono. "Umetosha. Lete mbuzi."

Tulirudi na kamba yangu. Mbuzi wakapokelewa, Kasyoka akacheka mpaka sote tukaambukizwa. Kilonzo, machozi yakimlengalenga, akapiga magoti mbele ya Susu.

"Susu, kwa yote nimekusomea, gani ilikugusa sana?"

Susu akatabasamu. "Amina!"

Kasyoka akashika mbavu. "Kilonzo, Susu hasikii! Tangu nikiwa nasari hajasikia hata radi."

Jamaa akainuka kutoka magotini. "Sasa hizo Jumamosi zote nilikuwa nasomea nani?"

Na hapo, naapa, Mzee Kitheka alicheka.

"Huyo ulikuwa unasomea alikuwa amekalia kiti chako."

"Na Susu alijuaje nimetosha?"

"Si anaona? Zamani ukifika ulikuwa unauliza chai. Siku hizi unafungua kitabu kabla hujakaa."

Basi wewe uliyeiweka Biblia yako juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, wageni waione. Haikai hapo kwa urembo. Ishushe, usome kidogo leo na kidogo kesho, hata kama hakuna anayekusikia. Wewe utasikia.

Lakini kabla ya kufungua zipu, ita kuku.