Nilisema Nilimuona, Mengine Nikayanyamazia

Nimekosa, na kosa langu lina kaburi. Mtu yule waliyemuua kwetu Mudzipela kwa matofali na nondo, wakisema ametia sumu kwenye pipa la maji, hakutia kitu. Sumu niliileta mimi. Nilijua hivyo, na walipouliza nilikuwa nimesimama pale pale.

Jina langu sitalitaja. Kazi yangu ilikuwa kuchomelea milango, madirisha na vitanda vya chuma, na watu wa avenyu yetu pale mtaani waliniita Fundi. Tulipanga parsele moja, kiwanja chenye nyumba mbili, mimi na mke wangu Mado na mama yake mzee. Nyumba ya nyuma walikaa wakimbizi kutoka Djugu: Papa Rasheli, mke wake na watoto wao watatu, mkubwa wao Rasheli. Huko kwao walilima maharage. Nyumba yao ikachomwa, wakashuka Bunia na godoro moja. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Asubuhi alisalimia kila mlango kabla ya kwenda kubeba mizigo sokoni.

Msimu wa jua, wanaume wawili waliniletea kwa moto, yaani pikipiki, chuma kimoja kifupi na kinene. Walisema wamekitoa kwenye kiwanda cha zamani cha kusaga mawe ya dhahabu, kile ambacho wageni walikikimbia wakati wa vita. Kilikuwa kizito kupita ukubwa wake, nikajua ndani kuna risasi, yale madini laini ambayo wavuvi wa Ziwa Albert wanayatafuta kwa kuzamisha nyavu. Nikakinunua bila kuuliza zaidi.

Ubavuni kilikuwa na kibati cha njano chenye mabawa matatu meusi, na chini yake neno la Kifaransa, danger, yaani hatari. Hilo neno nalijua. Mtoto wa shule ya msingi analijua. Nikang'oa kile kibati kwa patasi, nikakitupa nyuma ya matofali, ndipo nikawasha mashine ya kukatia. Kwa hiyo msinitetee kwamba sikujua kusoma.

Katikati ya ile risasi palikuwa na kikopo cha chuma kinachong'aa, kadiri ya kidole gumba. Nikakipiga nyundo, hakikufunguka. Nikakikata. Ukatoka unga mweupe, laini kama chumvi iliyosagwa. Nikaumwaga kiganjani, nikaunusa. Haukuwa na harufu. Nikaupuliza.

Siku ile kulikuwa na upepo. Unga ukaenda juu ya bache, lile turubai ambapo Mado alikuwa ameanika mihogo, ukaenda kwenye pipa la maji lililokuwa wazi, ukashuka kwenye mchanga wa uwanja. Uliobaki mezani niliupangusa kwa mkono hadi chini. Mado akaja na ufagio akafagia, maana hakupenda uchafu wa kazi yangu. Alifagia huku anaimba.

Kabla jua halijazama nilitapika. Nilidhani ni samaki tuliokula mchana. Kesho yake Mado akatapika, na mama yake naye akatapika na kuhara. Mkono wangu wa kuume ukawa mwekundu kama nimeutia kwenye mafuta ya moto, ukavimba, ngozi ikaanza kutoka. Majirani waliposikia habari ya kutapika wakasema Ebola imerudi, wakaacha kutusalimia kwa mkono. Hopitali ikatutenga, ikachukua damu. Jibu likaja kwamba si Ebola. Tukarudishwa nyumbani na vidonge. Na hapo ndipo watu walipoogopa zaidi, kwa sababu kama si Ebola, basi ni mtu.

Wiki ya pili, nywele za mama mkwe zilipoanza kubaki kwenye kitambaa chake, Papa Rasheli alikuja kwenye banda langu la kazi. Mkononi alikuwa na kile kibati cha njano.

"Fundi, hii uliitoa wapi?"

Nikasema sijui, labda ni ya zamani.

"Weye usinidanganye. Mimi nilikuwaka nafanya kazi ku kile kiwanda, mbele ya vita. Nilikuwa ninafagia tu. Lakini muzungu mumoja alitufundisha siye wote: mukiona hii alama, musiguse. Ndani iko kitu inachoma mutu bila moto. Haina harufu. Unaikula mu vumbi, unaikunywa mu maji."

Nikamwambia yote. Hakunitukana. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafikiri, kisha akaanza kunipangia kazi moja baada ya nyingine. Nguo zote za siku ile nivue, nizifunge kwenye mfuko, nizizike. Nioge kwa maji mengi na sabuni, kuanzia kichwani kwenda chini, bila kujisugua hadi ngozi ichubuke. Nywele ninyoe. Uwanja usifagiwe ukiwa mkavu, umwagiwe maji kwanza. Dirisha la upande wa banda lifungwe. Mihogo ya bache itupwe yote, na sombe, majani ya mihogo ya bustani, isiliwe. Pipa yeye mwenyewe atalimwaga shimoni.

"Na kesho asubuhi tuende siye wawili ku biro ya kartie, kwa wakubwa wa mutaa, tuseme. Watu ya Kinshasa iko na mashine ya kupima hii kitu."

"Ngoja mpaka lundi, Papa Rasheli. Watanifunga. Mado iko mugonjwa, nani atamuangalia?"

Alihesabu kwa vidole siku zilizobaki hadi Jumatatu. "Lundi," akasema. "Haitapita lundi."

Siku ile ile akaanza kwake. Avenyu nzima ilimuona. Walimuona akiosha watoto wake mchana, bido la maji baada ya bido, akiwanyoa, akichimba shimo nyuma ya choo na kuzika mfuko. Walimuona ameinamia pipa letu, mkono ndani hadi kwapani, akichota maji na kuyapeleka shimoni. Walimuona akifukuza watoto wa wengine wasicheze kwenye uwanja wetu. Waliuliza kwa nini, naye hakusema, kwa sababu alikuwa amenipa neno lake mpaka lundi. Mkimbizi, asiye na ndugu pale, anazika mifuko na kushika maji ya watu.

Mimi nilioga. Nguo zangu nilizika. Lakini mihogo sikuitupa, maana Mado angeuliza sababu, na ningelazimika kumwambia. Kutapika kulikuwa kumemwachia, akajiona amepona, akaitwanga. Alisonga bugali, akala yeye na mama yake. Mimi nilisema sina hamu. Hili sijawahi kulisema popote.

Mama mkwe alikufa siku mbili kabla ya hiyo lundi.

Matanga yakawekwa kwenye parsele yetu, juu ya mchanga ule ule. Kaka yake Mado, nitamwita Dido, alitoka machimbo ya dhahabu na wenzake, wamekunywa tangu asubuhi. Saa nane mchana mwanamke mmoja alisema kwa sauti kwamba kuna mtu alionekana ametia mkono kwenye pipa la marehemu. Mwingine akasema mtu huyo huyo alizika kitu. Vijana wakaenda kufukua. Wakarudi na nguo za watoto na nywele. Zile nywele ndizo zilizomaliza maneno.

Wakamtoa Papa Rasheli nyumbani kwake, wanaume wawili wamemshika shati. Dido akaja akasimama mbele yangu.

"Shemeji, weye unakaa naye mu parsele moja. Ulimuona anaingiza mukono mu pipa, ndiyo ao hapana?"

Papa Rasheli alinigeukia. Hakuwa na woga usoni. Alikuwa na uso wa mtu ambaye shahidi wake amefika.

Nikasema, "Nilimuona."

Ni kweli nilimuona. Hakuna neno la uongo pale. Nilikusudia kuendelea, lakini tofali la kwanza lilikuwa limeshampiga mdomoni, na nikajiambia kwamba sasa hata nikisema hawatanisikia. Nilikuwa na pumzi na ulimi. Nilinyamaza kwa sababu nilijua tofali la pili lingekuwa langu.

"Fundi, sema," akaniambia, damu na meno vikimtoka. "Fundi, waambie."

Watu walifikiri ananiomba huruma. Dido aliingia bandani kwangu, akatoka na nondo nilizokata kwa ajili ya dirisha la mteja, akawagawia wenzake. Walimvunja magoti kwanza ili asikimbie. Nilisikia mfupa ukivunjika. Alipoanguka walimpiga mgongoni, kisha kichwani, kwa zamu, na wanawake waliokuwa wanalia matanga walisogea kumpiga kwa viatu. Mke wake alikuja mbio, wakamtupa ukutani, akaamka na kuwalalia watoto wake watatu ili wasione. Mmoja wao aliona. Mtu alileta tairi. Polisi walipofika na kupiga risasi hewani, tairi lilikuwa halijawashwa, lakini Papa Rasheli hakuwa na uso tena.

Lundi ilifika, sikwenda biro.

Daktari mmoja ndiye aliyetuokoa sisi tuliobaki. Aliuona mkono wangu, akaona watu wa avenyu moja wananyonyoka nywele namna moja, akapiga simu Kinshasa. Walikuja watu wenye mavazi meupe na mashine inayolia tik, tik, tik. Kwenye banda langu ililia bila kupumzika. Walibomoa banda, wakachukua pipa, wakachimba udongo wa uwanja na kuupakia kwenye mapipa mengine. Avenyu nzima tulioshwa kwenye mahema, na tulifundishwa: nguo mfukoni, maji na sabuni kuanzia kichwani, msile majani ya bustani, msifagie pakavu. Ilikuwa neno kwa neno kama alivyoniambia Papa Rasheli.

Watoto wa Papa Rasheli walipopita, mashine ilikaribia kunyamaza. Watoto wa wengine iliwalilia. Muuguzi akamuuliza mjane, "Mama, nani alikufundisha?"

"Bwana yangu," akajibu.

Nilifikiri hapo jina la Papa Rasheli lingesafika. Lakini watu walioua hawapendi kuambiwa wameua bure. Wakasema: kama alijua dawa, basi ndiye aliyeleta ugonjwa. Na wapimaji waliponiuliza nani alikata kile chuma, niliwaambia wale wanaume wawili walikikata wenyewe nikiwa sipo. Kwa hiyo maneno ya watu yalibaki na mahali pa kusimama, na mahali hapo nilipajenga mimi.

Mado alikufa wiki ya sita. Ufizi ulitoka damu, ngozi ya mdomo ikamtoka, mwishoni hakuweza kumeza mate. Siku moja, akili ikiwa bado nzuri, aliniuliza, "Juu ya nini weye haukukula bugali?"

Nilichukua kikombe nikaenda kumletea maji. Aligeukia ukuta, na tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina.

Mkono wangu wa kuume umekatwa vidole vitatu. Kuchomelea siwezi. Nakaa sasa sehemu nyingine ya mji, kwa mtu wa ukoo wetu, nachunga duka lake.

Nilimtafuta mjane mwaka uliopita. Nilimkuta Bigo, kwenye uwanja wa watu, anafua nguo zao. Nikapiga magoti kwenye maji ya sabuni, nikaeleza yaliyompata mume wake, kuanzia kibati hadi lile neno. Hakuacha kufua.

"Ninajua," alisema. "Alinielezea yote siku ile alitoka kwako."

"Sasa Mama Rasheli, juu ya nini haukusema?"

"Kwa nani? Weye ulikuwa mutu wa pale. Siye tulikuwa wakimbizi. Mutu wa pale alisema alimuona, mimi niseme nini?"

Nikamwomba msamaha. Akakamua shuka, akalianika kwenye kamba, ndipo akanigeukia.

"Usiniombe mimi musamaha. Enda ku kanisa ya kwenu, siku ya Mungu. Simama mbele ya wale wenyewe walipiga. Uwaambie alikuwa anafanya nini na mukono wake mu pipa. Watoto yangu wanaitwa watoto wa mulozi mpaka leo. Rasheli aliacha masomo juu ya hiyo jina. Ukishasema kule, ndiyo urudi hapa tuongee musamaha."

Nimekwenda mara mbili hadi mlango wa kanisa. Mara mbili nimewaona wale wanaume, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, watoto wao wamewapakata, na nimegeuka. Nimeandika hapa kwa sababu hapa hamnijui. Yeye aliniomba niseme mahali wanaponijua. Tofauti hiyo naiona, wala sijidanganyi kwamba nimelipa.

Ninyi mnaokata vyuma vya zamani, Bunia, machimboni, popote: mkikuta kibati cha njano chenye mabawa matatu, wekeni mashine chini, ondoeni watu, iteni serikali siku hiyo hiyo. Kama umeshakata, funga milango, vua nguo, oga, tupa chakula kilichokaa wazi, na useme. Kifungo kina mwisho wake. Usimwombe mwenzako akunyamazie hata siku moja, maana siku hiyo moja itamkuta yeye.

Na wewe ambaye siku moja utasimamishwa mbele ya watu wenye hasira, ukaulizwa kitu kidogo ambacho jibu lake ni ndiyo, usijibu ndiyo ukaishia hapo. Maliza maneno yako hata kama yatageuza tofali likujie. Yangu yalikuwa machache, mtoto angeweza kuyasema kwa pumzi moja: nilimuona, alikuwa anamwaga sumu niliyoileta mimi.