Mwandika mabango aliyekataa tarehe ya mwisho wa dunia

Saa mbili asubuhi, Mama Brashi amepiga magoti juu ya kitambaa cheupe, anachora herufi ya kwanza ya bango. Jirani yake muuza mkaa anachungulia mlangoni.

"Shoga, dunia inaisha lini? Nijue kama niagize magunia."

"Agiza tu. Huko tuendako moto ni wa bure, hapa bado tunapika!"

Miaka kumi na tisa anaandikia misikiti na makanisa. Ana desturi moja: haandiki neno la dini kabla hajauliza maana yake.

Alifunzwa na aibu. Aliwahi kulizungushia neno Kiyama ndimi za moto. Shehe akalirudisha bango.

"Mwanangu, asili yake ni Kiarabu, kusimama. Wafu watainuka wasimame mbele ya Mola. Wako wapi hapa?"

Akaanza upya, na akanunua daftari. Mchungaji akamweleza kuwa Ufunuo, kwa Kigiriki cha kale, ni kuondoa kifuniko. Neno Jehanamu lilianza kama jina la bonde nje ya Yerusalemu. Yote kayaandika.

Mwezi uliopita akaja mtu anayejiita nabii. Alitaka bango: Mwisho wa Dunia, Jumapili Ijayo. Mama Brashi akakataa.

Asichojua wakati huo ni kwamba bintiye wa darasa la saba alishaanza kwenda kumsikiliza nabii huyo. Mtihani wa mwisho ulikuwa Jumatano baada ya Jumapili hiyo, na mtoto kafunga vitabu kwa kamba. Mama akamuuliza kulikoni.

"Nisome ya nini, mama, na Jumapili tunaondoka?"

Wazazi wenzangu, ogopeni hapo. Mtoto analala ndani, masikio yake yako nje.

Mama hakushika fimbo. Alimketisha sakafuni, akamfungulia daftari.

"Soma. Kusimama. Kufunua. Bonde. Nimewauliza wenye dini zao. Umeona tarehe?"

"Hamna."

"Shehe na mchungaji hawapatani hata kwenye vipaza sauti, lakini kwa hili kauli yao ni moja: siku hiyo anaijua Mungu peke yake. Huyu wako kajuaje?"

Jioni ile binti akafungua vitabu. Jumapili ikapita, nguo zikakauka kambani. Jumatano akaingia kwenye mtihani, na amefaulu.

"Mwakani anakwenda sekondari, bweni, mbali na mimi," anasema Mama Brashi, kidevu juu. "Atakutana na wasemaji wengi. Nataka amuulize kila mmoja wao kwa adabu: umejuaje? Mtoto akiwa na swali hilo mdomoni, mimi nitapata usingizi."