Watasema, Mbwa Aliyetaka Kumkosesha Dada Mume

Nyinyi wajukuu, na wenzenu wote mnaosoma kwa kusugua kioo kwa kidole, kaeni vizuri niwaambie. Juzi hapa Isevya mlibishana wakati wa chakula mpaka ugali ukapoa: kwa nini kile kimbwa cheupe cha manyoya mlichokitoa Dar kinabweka toka alfajiri, na jibwa la jirani, kubwa kama ndama, halisemi kitu? Mmoja akasema ni chakula. Mwingine akasema kimbwa kina msongo wa mawazo. Msongo wa mawazo! Kina mtihani wa kidato cha nne? Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini mbwa nimekua nao, na jibu ninalo.

Enzi zetu kule Ziba mbwa hakuwa wa kubebwa. Tulitoka asubuhi kuchunga mbuzi, michembe imejaa mfukoni mwa gauni, ile ya viazi vilivyokaushwa, ukiitafuna taya linauma mpaka jioni. Tukifika malishoni tunacheza rede kwa mpira wa matambara, mbuzi wanakula, mbwa anatazama. Kila mbwa alikuwa na kazi yake, na mdomo wake ulitokana na kazi hiyo.

Mbwa wa zizi alitakiwa apayuke. Mbwa wa mawindo alitakiwa anyamaze, maana swala hangoji kelele. Huyo alifungwa kengele shingoni akishaanza kukimbiza, ili mwenyewe ajue alipo. Watoto wa mbwa wakishaanza kutembea vizuri, baba alikuwa anaangusha sufuria nyuma yao, paa! Aliyepiga kelele alibaki nyumbani. Aliyegeuka akatazama tu alipewa mwindaji. Basi wapayukaji wakazaana na wapayukaji, wakimya na wakimya. Bibi yetu alisema ndivyo ilivyokuwa tangu wapagazi walipopita na mizigo kwenda Tabora: maboma ya kando ya njia yalifuga mbwa wa sauti nene, kwa sababu wageni hawakwisha. Kwa hiyo mbwa hubweka kwa kazi waliyofanya babu zake. Na hicho kimbwa chenu, babu zake walikaa mapajani mwa watu, kazi yao kushtuka. Kinashtuka, kinasema. Kama nyinyi simu zikilia.

Sasa sisi tulikuwa na mbwa anaitwa Watasema. Baba alimpa jina hilo ili jirani mmoja mwenye maneno alisikie kila anapoitwa. Lakini aliyesema alikuwa mbwa mwenyewe. Alimbwekea mwewe, akambwekea muuza chumvi wa baiskeli, akaubwekea upepo. Tulimzoea.

Mwaka ule washenga walikuja kutoka Nzega kumposa dada yangu mkubwa, Kabula. Alikuwa amempenda kijana wao walipoonana kwenye ngoma ya mavuno, na sisi wadogo tulijua, maana alikuwa akichota maji huku akiimba. Watasema aliwapokea washenga hao kwenye njia. Msemaji wao, mzee mrefu mwenye kanzu, alirudi Nzega na kanzu nusu. Posa haikusemwa hata neno moja.

Mama alilia. "Baba Kabula, mbwa wako huyu atanizeeshea binti ndani."

"Unataka nimfunge mdomo?"

"Nataka aondoke! Wakija tena akawatimua, hawarudi."

Dada aliacha kuimba, basi.

Baba akaenda kwa mjomba Masanja, kaka yake mama, ambaye alikuwa mwindaji. Wakabadilishana. Watasema akaenda porini, na sisi tukapewa mbwa wa mjomba, anaitwa Subira. Nyie, mbwa yule! Unaweza kumkanyaga mkia akakutazama tu kama mwalimu. Boma likawa kimya mpaka kuku wakashangaa. Mama akafurahi, akasema sasa waje.

Wakaja. Ilikuwa mchana, hakuna aliyewatarajia. Mama alikuwa ameinama juu ya kinu, kitenge kimekunjwa mpaka magotini. Dada alikuwa anakwangua ukoko wa ugali kwenye chungu, kichwa kimeingia humo. Na baba, Mungu amrehemu, alikuwa amekaa kwenye kigoda anasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Wale watu wa Nzega? Watatuletea ng'ombe wembamba unaona ng'ambo. Na yule mzee wao, kwa urefu ule, nadhani walimtuma achungulie juu ya ua kama tuna chakula."

Nyuma ya ua wa minyaa mtu akakohoa.

Walikuwa wamesimama pale. Subira alikuwa amelala miguuni mwao, anawatazama. Zamani mbwa akibweka kule njiani, mama alikuwa na nafasi ya kujisitiri, baba alikuwa na nafasi ya kufunga mdomo, wasichana walikuwa na nafasi ya kuingia ndani. Tulikuwa tumeitoa nafasi hiyo nyumbani kwa mikono yetu.

Dada alitoa kichwa kwenye chungu, ukoko puani. Alijua imekwisha.

Mzee mrefu aliingia polepole. Baba alisimama, hana pa kuweka mikono.

"Baba Kabula," mzee akasema, "ng'ombe wetu ni wanene. Utakuja uwashike mbavu. Chakula tumekiona, kipo, kingine kiko puani kwa binti."

Hakuna aliyecheka.

"Lakini nina sharti. Yule mbwa aliyenichania kanzu yuko wapi?"

"Nimemtoa, mzee wangu. Kwa heshima yenu."

"Mrudishe. Yule aliniambia kweli kwamba nimefika kwa watu. Huyu ameniacha nisikie yasiyonihusu. Sitaki mjukuu wangu azaliwe na watu wanaovamiwa."

Ndipo mama akacheka, na dada akalia, na posa ikasemwa siku ile ile. Jioni mjomba Masanja akatokea mwenyewe, anamburuta Watasema kwa kamba. "Shikeni mwenda wazimu wenu! Pori zima limehamia Singida!"

Dada Kabula aliolewa, akazaa saba, akazikwa Nzega akiwa bibi mwenye heshima zake. Nami nikaolewa mjini na babu yenu, fundi cherehani.

Siku hizi nyumba zina geti la chuma. Mgeni hapigi hodi, anaandika "nipo nje," na aliye ndani anajibu "nakuja" huku hajainuka. Mbwa anabweka, hakuna anayeuliza kwa nini. Mnaongeza sauti ya televisheni. Enzi zile sauti moja ya mbwa iliinua boma zima, na aliyekuja alikuta watu wamesimama wanamngoja.

Jana mmoja wenu, simtaji, anajijua, ameleta mkanda wa shingoni unaomchoma mbwa kwa umeme kila akibweka. Nimewaita wote sebuleni nikasema mara moja tu: mkanda urudi ulikotoka, kimbwa kilale barazani si kwenye kochi langu, na kikibweka atoke mtu, simu aiache mezani, akaone nani amekuja.