Kovu Ubavuni mwa Amonaiti

Wifi yangu hajui kukaa. Ukimkaribisha kiti atakifuta kwanza, atakisogeza, ataona msumari umechomoza aombe nyundo, na mwisho wa yote chai itapoa yeye bado amesimama. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, husema dada yake alizaliwa akiwa amechelewa kwenda mahali. Mimi nasema ana kiherehere tu. Tunaishi nyumba moja na tunafanya kazi karakana moja, kwa hiyo nina haki ya kumsema, naye ananisema zaidi.

Karakana yetu inasafisha mawe. Si ya kujengea. Ni mawe yenye wanyama wa kale ndani yake, na wengi wao ni amonaiti: mnyama wa baharini, ndugu wa mbali wa ngisi, aliyeishi ndani ya gamba lililojikunja kama kamba iliyoviringishwa sakafuni. Walikwisha wote kabla hajakuwepo mtu wa kuwaona, magamba yao yakageuka mawe, na siku hizi kuna watu wanaoyakusanya na kuyapanga kabatini. Wifi ndiye fundi. Anashika sindano ya chuma inayosukumwa na upepo wa mashine, anamega mwamba punje kwa punje mpaka mbavu za gamba, ile mistari yake iliyoinuka, zionekane. Penye tundu anaziba kwa gundi na unga wa jiwe. Palipopinda ananyoosha. Wateja wetu wanataka gamba lisilo na dosari, na mkono wa wifi umezoea hivyo kwa miaka kumi na tisa. Mimi nafunga mizigo, napiga picha, na kujibu ujumbe kwenye simu ya ofisi.

Mwaka huu macho yalianza kumsaliti. Alikuwa akiinama mpaka pua inakaribia kugusa jiwe, na akiulizwa anasema taa ndiyo mbovu. Bosi, mtu asiyezunguka maneno, akamwita.

"Fundi, lile jiwe kubwa ukilimaliza vizuri, utabaki kwenye meza yako. Ukiliharibu, unahamia kwenye maboksi."

Jiwe lenyewe lilikuwa adimu, upana wa sahani ya kulia, aina ambayo hata bosi alikuwa ameiona mara moja tu maishani mwake. Wiki ile wifi alikuwa hashikiki. Nyumbani alisugua sufuria nilizokwisha kuzisugua. Njiani alinitangulia hatua kumi, akasimama, akanirudia, akanitangulia tena.

"Wifi, tulia," nikamwambia. "Jiwe limekaa mamilioni ya miaka, haliondoki leo."

"Jiwe ndilo haliondoki. Mimi je?"

Pale mezani ndipo alipokuwa mtu. Bila sindano yake sijui angekuwa nani, na nadhani yeye pia hakujua.

Jumatatu nilimtumia picha mnunuzi mmoja, mama anayekusanya amonaiti tu. Ubavuni mwa gamba, karibu na mdomo wake, mbavu nne zilikuwa zimekunjamana na kwenda upande. Jumanne jibu likaja. Nilikuwa nafunga boksi, utepe wa gundi mdomoni, mkono mmoja umekandamiza kifuniko kisifunguke. Nikaitupia simu jicho moja: "Naomba kuuliza kuhusu pale ubavuni palipopinda." Yalifuata maneno mengine. Sikuyasoma. Kwetu mteja akiulizia palipopinda ujue analalamika, ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Nikatema utepe, nikapaza sauti. "Wifi! Mteja anaulizia pale palipopinda!"

"Nimepaona," akajibu bila kuinua uso. "Pananiudhi tangu jana."

Alipashughulikia siku mbili. Akachonga, akaziba, akachonga tena, mpaka mbavu zote zikaenda sambamba kama nywele zilizochanwa. Huwezi kuamini palikuwa na kitu pale. Nikamsifu kwa moyo wangu wote.

Ijumaa mnunuzi akaja mwenyewe, lenzi ndogo ikining'inia shingoni. Akaligeuza jiwe mara ya kwanza, mara ya pili. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Kovu liko wapi?"

"Kovu gani, mama?" bosi akauliza.

"Mnyama huyu aling'atwa. Akapona, akaendelea kujijengea gamba juu ya jeraha. Ndiyo maana mbavu zilipinda. Nimelitafuta kovu la namna ile miaka kumi na miwili. Na niliwaandikia kabisa: palipopinda ndipo ninapopataka, pasiguswe."

Simu ya ofisi ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu, nikaibana kwa kiganja kana kwamba ingeropoka.

Bosi akajaribu kujiokoa. "Ule ulikuwa udongo tu, mama. Picha nazo zinadanganya..."

"Haukuwa udongo," akasema wifi kutoka mlangoni. "Lilikuwa kovu. Nimelichonga mimi, kwa mkono huu."

Yule mama hakugomba. Afadhali angegomba. Alipapasa ubavu wa lile jiwe kwa kidole gumba, taratibu, akaliweka mezani, akaaga na kwenda zake. Tulisikia mlango wa gari ukifungwa.

Bosi akanigeukia. "Ule ujumbe ulimfikishia fundi?"

Pale ndipo palipokuwa pangu pa kusema. Neno moja lingetosha. Nikafungua mdomo, wifi akaniwahi.

"Alinisomea wote, neno kwa neno. Mimi ndiye niliyejifanya najua."

Nikaufumba mdomo. Naona aibu kuliandika hili: niliufumba, na moyoni nilishukuru.

Jumatatu iliyofuata meza yake akapewa kijana mwenye macho makali na tabia ya kupiga mluzi, naye wifi akahamia kwenye meza yangu ya maboksi. Alikunja maboksi arobaini kabla ya mapumziko. Akayapanga, akayapangua, akayapanga kwa ukubwa. Yalipokwisha akaanza kukwangua gundi iliyokauka mezani kwa ukucha, punje kwa punje, kichwa amekiinamisha vilevile kama zamani. Nikashindwa kuvumilia.

"Kwa nini ulisema vile?"

"Nilisema nini?"

"Wifi, usinifanye mtoto."

Akakata utepe kwa meno. "Kaka yangu huu mwezi wa tatu hana kazi. Mimi wamenihamisha tu. Wewe wangekufukuza. Basi, nipe mkasi."

"Nakwenda kumwambia bosi."

"Nenda," akasema, upesi mno.

Nikaenda. Nilimkuta bosi anatafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake. Nikamweleza yote: utepe mdomoni, jicho moja, mstari mmoja, na kule kunyamaza kwangu. Nikamwekea simu mezani kana kwamba ni kisu nilichokitumia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi.

"Wifi yako alikuja hapa asubuhi kabla hujavua koti. Alisema utakuja kujitwika kosa lake kwa sababu una huruma. Akaniomba nisikusikilize."

"Lakini ni kweli, bosi. Ni mimi."

"Alisema utaapa hivyohivyo." Akanisukumia ile simu. "Shukuru una wifi anayekujua. Rudi kazini."

Hasira zilinipanda, si kwa bosi, kwa yule mwanamke aliyeninyang'anya hata kosa langu. Niliporudi nilimkuta ameshanikatia vipande vya utepe, amevibandika kwa mstari ukingoni mwa meza, upande wangu, nisipate taabu ya kukata.

Miezi minane imepita. Nilimweleza mume wangu, akacheka, akasema dada alishamwambia nitasema hivyo. Nilimweleza mama mkwe, naye vilevile. Kila ninayemwendea, wifi ameshamfikia. Ndiyo maana nimeamua kuliandika kosa langu.