Bia Chachu ya Nabintu

Nabintu Mushagalusa alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na minne, Wakongomani wa mtaa wa Nateete, Kampala, waliokuwa na harusi au matanga walimtafuta yeye kwanza. Hakuna aliyetengeneza kasiksi kama yake, ile pombe ya ndizi ya kwao Walungu, Kongo. Ndizi alizivundika mwenyewe, akazikamua kwa majani, akatia unga wa mtama uliokaangwa, kisha akangoja. Siku ya tatu aliweka sikio kwenye dumu na kusikiliza pombe inavyochemka.

Concy Abalo aliionja kwenye harusi ya rafiki, na kesho yake akafika mlangoni kwa Nabintu. Alikuwa binti wa mwanajeshi kutoka Gulu, naye mwenyewe alikuwa na kiwanda kidogo cha bia kule Ntinda: matangi matatu ya chuma, kaunta moja, na fundi mmoja wa mitambo aliyeitwa Oloya. Alitaka kutengeneza bia chachu ya ndizi na pasheni, ambayo mtu akiinywa atakumbuka pombe ya kwao. Walihangaika miezi mitano. Matangi mawili ya kwanza waliyamwaga. La tatu likakubali: uchachu uliuma taya, pasheni ikafuata, na mwisho kabisa, kwa mbali, ukausikia mtama.

Alhamisi moja mchana wakaja wageni watano kuionja. Wanne walikuwa na baa zao. Wa tano, Travis, alikuwa mnunuzi wa vinywaji wa hoteli kubwa. Concy alikuwa ameuza gari lake kwa ajili ya bia hiyo.

"Mama, leo usiseme mengi," alimwambia Nabintu. "Wageni nitawaeleza mimi."

Oloya akafungua koki mpya ya kaunta, akajaza jagi, akamimina glasi. Rangi ilikuwa nzuri, povu jeupe. Concy akaanza maelezo yake. Nabintu hakungoja. Kwao, mwenye kutengeneza pombe hunywa wa kwanza mbele ya wageni, wajue kwamba hakuna ubaya ndani. Akapiga funda.

Taya hazikuuma. Uchachu ulikuwa umezimika, na ulimi uliteleza kama aliyelamba sabuni. Akatema kwenye leso. Akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba. Nacho kikateleza.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, bibi harusi wa mwezi mmoja, aliwahi kusikia harufu ngeni kwenye dumu la pombe huko ukweni. Alimnong'oneza mama mkwe, akaambiwa anyamaze, asiaibishe ukoo. Akanyamaza. Dumu hilo liliwahi kuwekewa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Watu tisa waliugua, na shemeji yake, Jean-Claude, akafa siku ya pili. Hakuna aliyemlaumu Nabintu, maana habari ya harufu ile hakuna aliyeijua isipokuwa yeye na mama mkwe.

"Basi karibuni," Concy alikuwa akisema. "Tuonje."

Glasi zikainuka.

"Musikunywe!"

Glasi ya Travis ilikuwa imeshafika mdomoni. Nabintu akamfikia kwa hatua mbili, akaifunika kwa kiganja. Bia ikamwagikia shati.

"Mama!" Concy alisema. "Unafanya nini?"

"Hii kitu haiko muzuri. Iko na dawa ndani."

Oloya akacheka. "Mama amezoea ile ya majerikeni. Hii ni ya mashine, lazima iko tofauti." Akachukua glasi yake kuwaonyesha.

"Oloya, mwanangu," Nabintu alisema taratibu, "ukikunywa utaungua. Jana niliona unaosha huu mupira. Uliosha na nini?"

Mkono wa Oloya ukasimama hewani. Akautazama mpira uliotoka tangini hadi kwenye kaunta, na kicheko kikapotea usoni.

Concy alikuwa na karatasi za kupimia uchachu. Siku zote, akizichovya kwenye bia hiyo, ziligeuka rangi ya chungwa. Akachovya moja kwenye jagi. Ikawa bluu.

"Magadi makali ya kusafishia mitambo," Oloya alisema kwa sauti ndogo. "Niliyaacha ndani ya mpira tangu jana, uchafu utoke. Nilisahau kusuuza."

Wenye baa wawili wakachukua funguo zao, wakatoka bila kuaga. Wa tatu alikuwa ameinua simu, akipiga picha jagi na ile karatasi. Concy alimwona na hakumzuia. Aliweka viganja juu ya kaunta.

"Mmeona wenyewe, sina la kuficha," akasema. "Tatizo ni mpira, tangi halijaguswa. Anayetaka kuondoka sitamlaumu. Anayetaka kuonja bia yangu aje huku."

Watatu wakamfuata. Akafungua koki ya chini ya tangi, akajaza glasi, akachovya karatasi. Chungwa. Hata hivyo hakuna aliyenyoosha mkono.

Nabintu akaichukua. Ncha ya ulimi wake ilikuwa inawaka moto. Akanywa yote, wakimtazama koo, na uchachu ulipogusa palipoungua machozi yakamtoka.

"Hii njo yenyewe," akasema.

Travis akaomba yake. Alipoonja, jicho moja lilijifumba na mashavu yakakunjamana. Akanywa tena.

"Bibi yangu kule Masaka alikuwa anatengeneza tonto, pombe ya ndizi," akasema. "Ilikuwa inauma hivihivi." Akaweka glasi chini. "Lakini wateja wangu siwezi kuwapa, bado. Ng'oeni huo mpira, halafu mniite."

Walipoondoka, Concy alitaka Oloya akabidhi funguo na kuacha kazi palepale. Oloya alikuwa ameketi juu ya kreti.

"Aliyeungua ni miye," Nabintu alisema. "Umuache. Huyu hatasahau tena."

Siku nne Nabintu alikunywa uji uliopoa tu. Picha ya jagi ilizunguka kwenye simu za wenye baa wa Kampala, na kwa mwezi mzima hakuna aliyepiga kuulizia bia. Concy aling'oa mpira, Oloya akaweka mwingine, na kila asubuhi Concy aliupima mwenyewe kwa karatasi. Wiki ya sita Travis alirudi na mpishi mkuu wa hoteli. Walionja wakiwa wamesimama, wakaulizana mambo mawili matatu, wakaondoka na mapipa manne. Wale wawili waliotoka bila kuaga hawakurudi.