Siku Nilipotangaza Soko la Moshi

Hii nawaambia nyinyi tu, na mkicheka mcheke polepole, kwa sababu huko Malava kuna watu ambao mpaka leo wananiita Bwana Moshi, na mmoja wao ni mama mkwe wangu.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa afisa mdogo wa kilimo, nimetoka chuo juzi, na nilijivunia Kiingereza changu kuliko mshahara. Basi wageni wakaja kutoka ng'ambo na mradi wa hali ya hewa, mkutano ukaitishwa kwenye uwanja wa kanisa, mkalimani akakosa kufika (tumbo la kuendesha, maskini), chifu akauliza nani anaweza kutafsiri, nami nikainua mkono kabla sijafikiri.

Mgeni mmoja akaongea kirefu: kaboni, viwanda, kununua, soko, miti, fidia. Mimi nilishika "kaboni" na "kununua" tu. Sasa niseme sijaelewa, mbele ya mama mkwe? Nikatangaza kwa sauti ya mhubiri, "Wageni hawa wananunua moshi!"

Kisha mama mkwe, aliyekaa mbali nami kama desturi yetu ya wakwe inavyotaka, akauliza, "Moshi wa nani?"

"Wenu, mama."

"Na mwenye mwingi?"

"Atapata zaidi," nikasema (hapo ndipo nilipojizika).

Baada ya wiki mbili wageni wakarudi kukagua mashamba. Jamani, shamba hatukuliona. Kila boma lilikuwa linafuka: majani mabichi ya miwa, maranda, tairi kuukuu la trekta, na mama mkwe alikuwa amekata mikaratusi yake yote mitano, ile aliyoitunza ya kujengea nyumba, akaichoma ikiwa mibichi ili moshi uwe mzito. Mgeni alishuka garini akikohoa, machozi yakimtoka, akauliza kuna vita gani.

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye hakuwepo kwenye mkutano ule, akazungumza naye, kisha akawageukia watu akawaeleza: viwanda vya kwao vinatoa moshi mwingi, kwa hiyo watatulipa tupande miti ya kuumeza, wao waendelee na kazi.

Macho yote yakanigeukia. Nilitamani moshi uongezeke.

Mama mkwe akasimama. "Mkwe, muulize hivi. Wao wamechomanga makaa tangu babu zao, na hawaachi. Mimi niko na mafiga matatu tu. Mbona mti upandwe kwangu, mahali pa mahindi? Nitakula kivuli?"

Nikatafsiri neno kwa neno, na naapa sijawahi kutafsiri vizuri vile. Mgeni akaandika kitu kwenye daftari, akaangalia saa, akaingia garini.

Mama mkwe akalitazama gari likiondoka, akatikisa kichwa. "Umetafsiri vibaya tena."

Wiki nzima iliyofuata nilikuwa kwake nikichimba mashimo na kumpandia mikaratusi mipya kwa jembe lake, majirani wakisimama njiani kunitazama, na tangu hapo mtu akitafuta mkalimani, mimi ni bubu.