Kahawa Kwenye Kidole cha Hajjat Tafida

Mama mdogo Nagat ni muuguzi wa kituo cha afya cha kijiji chetu, upande wa Sohag, Misri. Kila Jumatano akishaoka mikate huegemeza simu kwenye gunia la unga, akafundisha watu mtandaoni. Uso hauonyeshi, ni mikono na sauti tu. Somo lake kubwa ni kahawa. Huku kwetu mtu akijikata, hukimbilia kopo la kahawa na kumwaga unga wake kwenye kidonda; yeye huwaambia waache.

Wanaomfuata ni wengi kuliko wanakijiji. Mavyaa yake, Hajjat Tafida, hayumo, na tunaishi nyumba moja. Ana kisukari. Wakati wa kuvuna vitunguu alijikata kidole cha mguu, tukaona kahawa inaisha upesi. Halafu ikaja harufu, wala haikuwa ya kahawa. Nagat akaomba kuutazama mguu.

"Nimekuzalia mume, sasa unifundishe na mguu wangu?"

"Mguu unaoza, Hajjat."

"Unaoza kwangu. Kapike."

Mumewe Nagat alisema yeye hawezi kumvua mama yake soksi.

Jumatano iliyofuata Nagat alikuwa akijibu maswali. Ukaingia ujumbe wa sauti kutoka simu ya jirani yetu Nawal. Sauti ilikuwa ya Hajjat, ameibana puani.

"Daktari, mimi ni mtu wa Aswan. Nina rafiki, ana kisukari, kidole chake cha mguu kimekuwa cheusi. Hakimuumi. Mke wa mwanawe ni mjuaji, hawezi kumwonyesha."

Nagat hakupepesa macho. "Karibu, mama wa Aswan. Kisichouma ndicho cha kuogopa. Aoshe kahawa yote, kesho asubuhi aende kituo cha afya."

Ukaja ujumbe mwingine. "Na huyo mjuaji atanyamaza?"

"Atanyamaza, mama."

Asubuhi Hajjat alivaa baibui la sikukuu, akakaa kwenye foleni ya kituo kama mgeni. Zamu yake ikafika.

"Jina lako, mama?" Nagat akauliza.

"Tafida."

"Nani amekuelekeza huku?"

"Daktari wa kwenye simu. Mwanamke ana adabu yule, si kama wengine."

Nagat akavaa glavu, akamvua soksi, akaosha kidonda bila kusema neno. Hospitali ya mjini walikata kidole kimoja. Mguu ukabaki.

Nyumbani hakuna aliyelizungumza. Hajjat bado analalamika kwamba mlenda wa Nagat hauna chumvi, na huja mwenyewe kwa miguu mpaka jikoni kulisema hilo.